Siku Kumi za Derlis

Zunilda alikuwa amemwonya mumewe juu ya kila kitu, isipokuwa kile kimoja.

Alimwonya juu ya baridi ya Februari, ambayo mtu wa Caaguazú hawezi kuielewa kwa kusimuliwa. Alimwonya juu ya askari wa uwanja wa ndege wa Madrid: akiulizwa, atoe barua ya mwaliko na anyamaze, maana Derlis akianza kujieleza haachi mpaka amejitia hatiani. Alimwonya kwamba Wahispania hubusu mashavu yote mawili, hata ya mtu wasiyemjua, asije akaruka nyuma kama mtu aliyeona nyoka. Na juu ya bibi aliyekuwa akimtunza alisema maneno machache tu: "Ni mzee, kichwa kinakwenda na kurudi. Msalimie, kisha kaa kando."

Msalimie! Hapo ndipo alipojiponza, na kwa siku kumi zilizofuata alilikumbuka neno hilo kila alipoosha sahani.

Huu ulikuwa mwaka wa nne tangu atoke kwao Caaguazú, Paraguay. Kazi yake ilikuwa kumtunza Bibi Leocadia, mwenye umri wa miaka themanini na minane, katika nyumba ya ghorofa ya tatu mjini Zamora, Hispania. Alimwogesha, akamlisha, akamchoma sindano ya sukari, akalala naye chumba kimoja ili amgeuze asipate vidonda. Wanawake wengi wa kwao hufanya kazi hiyo ya kulala humo humo. Wiki nzima ni ya bibi; kuanzia Jumamosi saa nne asubuhi mpaka Jumapili jioni ndipo mtu anakuwa wa kwake mwenyewe.

Tangu Oktoba simu za Derlis zilikuwa zimefupika. Video hakuwasha tena, mara kamera imeharibika, mara umeme hakuna. Binti yao Araceli, aliyekuwa akiishi kwa bibi yake, naye akiulizwa habari za baba alijibu "mzima" na kuanza kusimulia mambo ya shule. Zunilda hakuwa mjinga. Ila mtu aliye ng'ambo ya bahari anaweza kufanya nini? Atapiga simu tena, basi. Halafu Jumapili moja Derlis akasema, "Zuni, nataka nije. Kuna jambo la kukuambia, na si la simu."

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Alitaka kulisikia jambo hilo kutoka kinywani mwake, akimtazama machoni, liwe lolote litakalokuwa. Hakuomba kingine. Na kwa kuwa hakuwa na nyumba yake ya kumkaribishia mgeni, alikwenda kwa Inma, binti pekee wa Bibi Leocadia, akamwomba atie sahihi barua ya mwaliko huko polisi. Inma, muuza dawa mwenye haraka na huruma kwa viwango sawa, alitia sahihi. "Alale chumba changu cha zamani," alisema. "Lakini Zunilda, mama asisumbuliwe."

Basi Jumatatu mchana Derlis akashuka kwenye basi la Madrid, amevaa koti la kitambaa chepesi, amekumbatia mfuko wa mikate ya muhogo na jibini ambayo watu wa forodha hawakuiona. Alikuwa amekonda, na mvi zimemwingia juu ya masikio. Walikumbatiana pale stendi kwa muda mrefu kiasi kwamba dereva aliwaomba wasogee apite na masanduku. Alinukia nyumbani. Zunilda alilia kidogo, akajifuta, kisha akamwuliza pale pale, bila kupepesa:

"Jambo lenyewe?"

"Mwanamke wewe! Sijafika hata nikanywa maji."

"Derlis."

"Tukitulia, Zuni. Nimekuja kwa ajili hiyo. Tukitulia."

Wakapanda ngazi. Bibi Leocadia alikuwa ameketi sebuleni kwenye meza ya duara, ile yenye kitambaa kizito mpaka sakafuni na hita chini yake, miguu imefunikwa, nywele zimechanwa. Inma alikuwa amesimama karibu, funguo za gari mkononi. Na Derlis, mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, akavua kofia, akasogea mbele ya mzee, akainamisha kichwa, akaunganisha viganja vyake viwili kifuani.

Hivyo ndivyo mtu wa Caaguazú anavyoomba baraka kwa mzee, hata awe na miaka hamsini, hata mzee mwenyewe awe wa jirani. Mzee humchorea msalaba hewani, akasema Mungu akubariki, mambo yakaisha. Zunilda alikuwa ameiacha desturi hiyo miaka mitatu nyuma, baada ya kuona kwamba Wahispania wanaitazama mikono yake wakidhani anaomba chakula. Akasahau kabisa kwamba mumewe bado anayo.

Bibi Leocadia aliitazama ile mikono. Alitazama uso ulioinama, akarudi tena kwenye mikono.

"Umechelewa, Nino," alisema.

Derlis aliinua macho kwa Zunilda, viganja bado vimeungana, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali la darasa lisilo lake.

"Mama, huyu si baba," Inma alisema. "Huyu ni mume wa Zunilda. Anatoka Amerika huko."

"Najua alikotoka. Katoka Ujerumani." Bibi alinyoosha mkono wake wenye mishipa ya buluu, akavishika viganja vya Derlis kwa nguvu ambayo Zunilda hakuwahi kuiona wakati wa kuogeshwa. "Ishushe hiyo mikono, watu wanatazama. Keti. Umekula?"

Derlis akaketi. Angefanya nini? Chakula kikaja, dengu kwa soseji, na Bibi Leocadia, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa akikaza meno mbele ya kijiko mpaka Zunilda aimbe nyimbo za watoto ndipo afungue, akamaliza sahani yake na kuomba mkate. Inma alisimama mlangoni mwa jikoni, akaweka mkono mdomoni. Alisahau hata kwenda kazini.

Kesho yake Inma alimweleza Zunilda habari yenyewe huku wakikunja shuka. Baba yake Saturnino, ambaye mkewe alimwita Nino, aliondoka mwaka wa sitini na tatu kwenda kufanya kazi kiwandani Ujerumani. Aliaga kwamba ni miaka miwili. Akakaa kumi na mmoja. Alirudi na redio, saa ya ukutani na ukimya.

"Hakuwahi kueleza lolote, wala kuomba radhi," Inma alisema. "Baba yangu mimi hakuomba msamaha hata akimkanyaga mtu mguu. Mama alimfulia, akampikia, akamzika. Halafu jana anaingia mtu kwa unyenyekevu, mikono kifuani..." Akacheka, macho yamelowa. "Mwache tu aamini, Zunilda. Ni siku kumi. Inakugharimu nini?"

Zunilda alikunja pembe ya shuka, akaikunja tena.

Tusimlaumu bibi peke yake, lakini. Kweli alimkamata Derlis kama mtu aliyekamata tawi kwenye maji. Alitaka aketi karibu, amkatie tufaha, amsomee gazeti la mkoa, hasa ukurasa wa vifo. Akitoka kwenda msalani alimwita mpaka arudi. Lakini Derlis naye hakuonyesha haraka ya kuachwa. Alikuwa amelelewa na bibi yake mzaa mama, na mbele ya wazee huwa laini. Siku ya pili alitikisa kichwa tu alipoitwa Nino. Siku ya tatu aliitika. Siku hiyo hiyo Inma, kwa kumwonea huruma kwa baridi, alimletea koti la marehemu kutoka kabatini, zito, la sufu ya kijivu, linanuka dawa ya nondo. Lilimkaa sawasawa mabegani.

"Vua hilo koti ukiwa ndani," Zunilda alimwambia kwa Kiguarani, lugha yao ya nyumbani, ambayo Bibi Leocadia hakuwa akiambulia hata neno.

"Nasikia baridi."

"Hita iko chini ya meza."

"Wivu huo? Zuni! Mwanamke ana miaka themanini na minane."

Alicheka, na Zunilda pia alicheka, maana ilichekesha kweli. Utamwambia nani kwamba mumeo ameporwa na kikongwe asiyeweza kwenda chooni peke yake? Hata Blásida, rafiki yake wa kwao aliyekuwa akimtunza mzee mwingine mtaa wa pili, alipoambiwa alianguka kwenye kiti kwa kicheko. "Angalau unajua wanalala wapi!" alisema, akaendelea kucheka mpaka akakohoa. Kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. Akatoa ufunguo wa chumba alichokuwa amepanga kwa siku zake za mapumziko. "Jumamosi hii nalala kwa binamu yangu. Chukueni. Mzungumze mpaka mchoke."

Jumatano jioni Zunilda alimvizia Derlis kwenye ngazi alipokuwa akipeleka taka.

"Niambie hapa hapa."

"Kwenye ngazi, na takataka mkononi?"

"Mimi hata kwenye takataka nitasikiliza."

Alimtazama, na kwa mara ya kwanza Zunilda aliona kwamba anaogopa. Ukubwa wote ule, mjenzi wa nyumba, anaogopa. "Jumamosi," alisema. "Naapa kwa mama. Jumamosi tukiwa wawili." Na juu, mlango ukiwa wazi, sauti nyembamba ikaanza: "Nino! Nino!"

Zunilda alipiga moyo konde akaisubiri Jumamosi. Na tuseme ukweli, naye alikuwa akiogopa. Siku tatu za kutojua zilikuwa bado siku tatu za kuwa na mume.

Jumamosi saa nne juu ya alama Inma alifika, wao wakatoka. Walitembea bila kushikana mikono mpaka walipopinda kona, ndipo wakashikana. Chumba cha Blásida kilikuwa na kitanda kimoja, meza moja, dirisha linalotazama ukuta, na picha ya Bikira Maria wa Caacupé yenye taa ndogo za rangi. Zunilda alichemsha maji. Aliweka kwenye kikombe majani ya mate, ile chai ya kwao inayonyonywa kwa mrija, akampa, akaketi kitandani, akaweka mikono juu ya magoti.

"Haya."

Derlis alinyonya mara moja, akakirudisha kikombe. Alikuwa bado amevaa koti la Saturnino. "Zuni, sikiliza," alianza. "Mimi sikukusudia..."

Simu ikalia.

Zunilda aliitazama ikitetemeka mezani. Ilikatika, ikaanza upya. Mara ya tatu akapokea.

"Amekishika kitasa," Inma alikuwa akilia. Nyuma yake palisikika kishindo, halafu kingine. "Anajipiga kichwa mlangoni, Zunilda! Anasema Nino amemwacha tena! Nimemvuta, ameniuma. Nifanye nini? Niambie nifanye nini!"

"Mpe kidonge cheupe, nusu."

"Amekitema!"

"Inma, hii ni siku yangu," Zunilda alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Nina hii moja tu. Yeye anaondoka Jumatano."

"Najua. Najua, mwanangu, na naona aibu. Lakini ni mama yangu." Kishindo kingine. "Mimi sikusita nilipotia sahihi ile barua."

Alipogeuka, Derlis alikuwa ameshasimama, amefunga vifungo.

"Ni mzee, Zuni. Utamwachaje mzee ajipasue kichwa?"

"Maliza kwanza sentensi uliyoianza."

"Nitaimalizaje hivi? Twende. Tutazungumza."

Na kilichomwuma zaidi ni kwamba aliuona uso wa mumewe, akaona umepata nafuu. Alitembea mbele, haraka, kama mtu aliyeitwa nje ya chumba cha mtihani. Zunilda alizima taa za Bikira, akafunga mlango, akamfuata. Angeweza kukataa? Angekataa, na kikongwe angevunjika nyonga, na kazi ingeisha, na karatasi zake za ukaazi zilitegemea mkataba wa kazi hiyo. Angeweza kumwachia aende peke yake, lakini basi angekaa na nani kitandani hapo?

Jumapili ikapita, Jumatatu ikapita. Bibi Leocadia alikuwa na kivimbe kwenye paji la uso na furaha ambayo Inma aliipiga picha na kuwatumia binamu zake wote. Ameongezeka kilo moja! Sukari imeshuka! Daktari wa zahanati aliuliza wamebadilisha dawa gani. Majirani walipanda ngazi kuja kumwona Nino, wakampa Derlis mkono kwa kukonyeza jicho, wakamsifu kwa moyo wake mzuri. Hakuna aliyemsifu Zunilda. Hakukuwa na cha kumsifia. Alikuwa anafanya kazi yake.

Jumanne, siku ya tisa, baada ya chakula cha mchana, ilikuwa zamu ya kucha.

Miguu ya Bibi Leocadia ilihitaji uangalifu. Mguu wa mwenye sukari ukikatwa kidogo tu hauponi, na dada yake bibi alikufa hivyo hivyo, kwa kidole. Zunilda alipiga magoti chini, akainua kitambaa cha meza akakiweka begani, akauondoa mguu wa kulia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akaufuta kati ya vidole, akaanza na kidole gumba. Huko chini palikuwa na joto la hita na harufu ya sabuni. Juu yake aliwasikia wawili hao wakitafuna biskuti.

"Nino," Bibi Leocadia alisema. Sauti yake leo ilikuwa safi, ya mwanamke wa miaka arobaini. "Nataka kukuuliza kitu, na usinidanganye. Huko, nani alikuwa anakufulia shati?"

Derlis aliacha kutafuna.

"Miaka kumi na mmoja. Ulirudi na shati limepigwa pasi kola kwa ndani. Mimi sipigi pasi hivyo. Nililiona siku ile ile uliposhuka kwenye treni. Nani?"

Mkasi ulikuwa kwenye kidole cha pili. Zunilda aliusikia upumuaji wa mumewe, akajua. Alijua kama unavyojua mvua kabla haijafika kwako.

"Kulikuwa na mtu," Derlis alisema, kwa Kihispania, polepole.

"Jina."

"Mirna."

Mirna, mshonaji wa sare za shule, mlango wa tatu kutoka sokoni. Zunilda mwenyewe ndiye aliyesema kwenye simu, miaka miwili nyuma: sare ya Araceli mpeleke kwa Mirna, anashona imara.

"Kwa muda gani?"

"Mwaka na nusu. Zaidi kidogo."

"Na mtoto?"

Kisha ile sauti nzito ambayo Zunilda aliolewa nayo ikapasuka. "Wa kiume. Alizaliwa Oktoba. Nilitaka kusema. Kila siku nilitaka kusema, na kila siku nikashindwa. Mimi si mtu mbaya. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Nilikuwa nakula nimesimama."

Zunilda alikuwa ameushika mguu wa bibi kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa na mkasi, na ncha ya mkasi ilikuwa kati ya ukucha na nyama. Alitaka kuinuka. Alitaka kugonga meza kwa kichwa mpaka chai imwagike juu yao wote wawili. Lakini mwili wa mzee ni kitu cha ajabu, ukishaushika huwezi kuuachia ghafla. Akafunga mkasi taratibu. Ukucha ukaanguka kwenye taulo. Akahamia kidole cha tatu.

Juu, Bibi Leocadia alishusha pumzi, ndefu, kama mtu aliyetua ndoo kichwani.

"Nilidhani utakufa hujaniambia," alisema. "Basi. Mtoto hana kosa, mnunulie viatu. Na wewe nimekusamehe. Umenisikia? Usilie, mwanamume mzima. Nimekusamehe. Kula biskuti."

Na Derlis alilia, Zunilda alisikia. Alilia kwenye kiganja cha kikongwe, kwa kwikwi, jinsi ambavyo hakulia hata alipomzika baba yake. Kitambaa kizito kilikuwa kinamshukia Zunilda usoni. Alimaliza mguu wa kulia. Akauondoa wa kushoto kwenye maji.

Alimpata jikoni nusu saa baadaye, amenawa uso, anajimiminia maji. Alikuwa anaonekana kijana.

"Umesikia," alisema Derlis. Hakuwa anauliza.

"Nimesikia."

"Namshukuru Mungu limetoka, Zuni. Hujui nilivyobeba. Nimekuwa mwepesi, nakuapia."

"Hukuniambia mimi."

"Ulikuwepo!"

"Nilikuwa chini ya meza, Derlis." Alijitahidi asipandishe sauti. "Tuna lugha yetu. Siku tisa ungeweza kuniambia mbele ya bibi huyu huyu, akatafuna biskuti zake asijue kitu. Umechagua kumwambia yeye."

"Yeye aliniuliza vizuri."

"Mimi nilikuuliza stendi. Nimekuuliza kwenye ngazi. Nimekaa kitandani kwa Blásida nikakuuliza!"

"Uliniuliza kama askari. Yeye aliuliza... sijui." Alifuta kidevu. "Na amesamehe, Zuni. Mzee mzima, ameumizwa miaka yote hiyo, amesamehe. Lile neno lilinigusa. Nilihisi kama..."

"Kama nini? Kama mimi ndiye niliyesamehe?"

Derlis alikunywa maji yake.

"Yule amemsamehe Nino," Zunilda alisema. "Mimi hujaniomba kitu. Niombe, nione nitasema nini. Hata sijui nitasema nini. Niombe."

Derlis alifungua mdomo. Kwa sekunde moja Zunilda alidhani ataomba. Hata aliiweka chini taulo aliyokuwa ameishika. Kisha sebuleni bibi akaita jina lile la marehemu, kwa upole, bila hofu, na Derlis akaangalia mlango, akamwangalia mkewe, akamgusa bega kwa vidole viwili alipopita.

Jioni hiyo alikuwa na sababu za kufunga sanduku. Asubuhi alikuwa na sababu za kuwahi basi. Inma alikuja na zawadi, soseji tatu zilizofungwa vizuri na viatu vya mtoto mchanga, vya sufu, kwa kuwa mama yake alikuwa amemsumbua jioni nzima kwa simu akitaka vinunuliwe. Hakujua ni vya nani. "Mawazo ya wazee," alimwambia Zunilda akicheka. Derlis alivipokea, akaviweka sandukuni, akafunga zipu.

Wote walijiandaa kwa vita mlangoni. Inma alikuwa na kidonge cheupe kiganjani. Lakini Bibi Leocadia aliegemea fremu yake ya kutembelea, akamtengeneza Derlis kola ya koti, akamwambia, "Nenda, kazi haingoji," na kumpungia mkono. Hakutoa chozi. Alikuwa amepata alichokuwa akikisubiri tangu enzi za treni, na sasa mwanamume angeweza kwenda zake.

Zunilda hakwenda stendi, kwa kuwa ilikuwa saa ya sindano. Kutoka dirishani alimwona akivuka barabara na koti lile la kijivu, akageuka, akainua mkono. Kutoka ghorofa ya tatu hakuweza kujua anampungia nani. Saa tisa alasiri ujumbe ukaingia: *Nimeshafika uwanja wa ndege. Asante kwa yote, Zuni. Narudi na amani moyoni. Tutazungumza.* Alipiga. Simu ilikuwa imezimwa.

Alhamisi asubuhi alimvalisha Bibi Leocadia sweta, akampeleka kwenye meza ya duara, akawasha hita, akaanza kumlisha uji. Bibi alikuwa mtulivu. Alikula vijiko vinne, akakaza meno kwenye cha tano, akatazama dirisha.

"Nino anarudi lini?" aliuliza.

Zunilda alishusha kijiko. "Alikuwa hapa, bibi. Siku kumi. Jana ameondoka."

"Acha upuuzi. Nino yuko Ujerumani." Alikunja uso. "Na akirudi nina neno la kumwuliza. Wewe unaonaje, mwanangu? Mwanamume peke yake huko miaka yote. Atakuwa na mtu?"

Msamaha wote ule, na machozi, na biskuti, ulikuwa umetoka kichwani mwa bibi kama maji kwenye kapu. Mmoja alikuwa hewani juu ya bahari, mwepesi. Mwingine alikuwa hapa na uji kidevuni, hakumbuki. Aliyebaki nao alikuwa Zunilda.

"Anaye, bibi," alisema. "Anaye mtu. Na mtoto."

Bibi Leocadia alimtazama kwa muda, macho yake ya maji yametulia, yana akili yote.

"Basi akija simfungulii mlango," alisema. "Alale nje. Nimeteseka mno mimi."

Hapo ndipo Zunilda alipolia. Hakuwa amelia Jumamosi wala Jumanne, na sasa yalimtoka yote, kijiko bado mkononi, mabega yanaruka, kwa sauti ambayo lazima majirani waliisikia. Bibi Leocadia alimvumilia kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akampiga piga kwenye mkono, si kwa ukali.

"Unalia nini wewe?" alimwuliza. "Mume ni wangu."